Kipande, Gunia na Jina Lako

Leo nawaomba dakika chache zaidi ya kawaida. Jimiminie chai, keti, maana somo la leo ni refu kidogo na lina historia ndani yake.

Kama kitambulisho chako kiko karibu, kitoe ukitazame. Huku kwetu wengi bado tunakiita kipande. Kijana wa miaka 19 anasema "nimepoteza kipande changu" bila kujua neno hilo lilitoka wapi, lakini mzee aliyekua enzi za mkoloni akilisikia, linamgusa shingoni. Nasema shingoni kwa sababu huko ndiko kilikoning'inia.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Vita Kuu ikaichelewesha, na sheria ikaanza kufanya kazi vita vilipokwisha, 1919 kwenda 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufikisha miaka 16 alitakiwa atembee na karatasi. Ndani yake kulikuwa na jina lake, wilaya yake, namba yake, alama za vidole vyake, jina la tajiri aliyemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Hapo kwenye kuachiliwa ndipo penye uchungu. Kama tajiri hakutia sahihi, wewe hukuwa mtu huru wa kutafuta kazi kwingine. Ulikuwa mtoro. Askari yeyote angeweza kukusimamisha njiani akaitaka karatasi hiyo, na usipokuwa nayo ni faini au jela.

Ili isichakae kwa jasho na mvua, iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, kikatiwa kamba, kikavaliwa shingoni.

Wazee wetu walikipa jina lao. Walikiita mbugi. Kwa wasomaji wangu wasiojua Kikuyu, mbugi ni kengele ya mbuzi. Mtu aliyekuwa na mifugo yake, aliyejua kila mbuzi kwa rangi na kwa mlio, sasa alifungwa yeye kengele na kupelekwa shamba la mtu mwingine.

Nataka uone kitu hapo. Kengele haimwambii mwenye mbuzi kwamba huyu mbuzi ni nani. Inamwambia tu kwamba yuko wapi, ili asipotee na mali isipungue. Sasa fungua Yohana 10:3 usome mwenyewe. Mchungaji anayezungumzwa pale haendi na kengele. Anawaita kondoo wake kwa majina, mmoja mmoja, nao wanatoka kwa sababu sauti hiyo wameizoea. Ukipanda mashamba ya huku Kigumo jioni utaona mama mwenye mbuzi watatu tu, kila mmoja ana jina, na akiita mmoja wale wengine hawajisumbui hata kuinua kichwa.

Watu hawakukubali kengele hiyo kimya kimya. Harry Thuku, mtoto wa misheni ya Kambui aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina Nairobi, aliunganisha watu mwaka 1921 kupinga kipande, kodi, na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Alikamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, na wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja akawakemea mbele ya wote na kusogea mbele. Risasi zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21, na waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Mwanamke yule aliuawa hapo. Jina lake ni Mary Muthoni Nyanjiru, na kwao ni Weithaga, hapa hapa Murang'a. Ukienda Nairobi ukapita karibu na chuo kikuu, jua unakanyaga karibu na mahali damu ya binti wa kaunti yako ilipomwagika kwa sababu ya karatasi ya shingoni.

Sheria ya kipande ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, uandikishaji ukawa wa watu wa rangi zote. Mama zetu waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978 tu. Hebu fikiria, miaka 15 baada ya Uhuru! Kabla ya hapo, mbele ya karani, nyanya yako alikuwa mke wa fulani au mama wa fulani.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Soma Mwanzo 16 tena, lakini safari hii hesabu ni nani anamwita Hajiri kwa jina. Sarai anamwita mjakazi wangu. Abramu anamwita mjakazi wako. Wanapanga habari za tumbo lake na hakuna anayemwita kwa jina lake. Anakimbia jangwani akiwa mjamzito, na huko kando ya chemchemi ndipo kwa mara ya kwanza katika sura nzima mtu anamsemesha kwa jina, naye ni malaika wa Bwana. Kisha anamuuliza ametoka wapi na anaenda wapi, kama mtu anayetaka kusikia jibu. Na mwanamke huyu mtumwa, bila kuhani wala madhabahu, akampa Mungu jina, kwamba yeye ndiye amwonaye.

Sasa twende mwaka 1954. Hapa nakuomba usome polepole, kwa maana huenda tunazungumza juu ya nyumba yenu.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi walizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa foleni. Wengi walipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Wazee walimwita gakunia, yaani kagunia kadogo. Gakunia hakuhitaji kusema kitu. Alikuwa akitikisa kichwa. Akitikisa namna moja unarudi nyumbani kwa watoto wako. Akitikisa namna nyingine unapanda lori kwenda Lang'ata, na kutoka hapo Mackinnon Road au Manyani, nchi ya joto na vumbi ambayo mtu wa baridi ya Nyandarua hakuwahi kuiota. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa katika msako huo. Na magunia hayakubaki Nairobi, yalipanda hadi huku vijijini.

Kule kambini mtu alipewa rangi. Kulikuwa na weupe, kijivu na weusi, kadiri walivyodhani kiapo kimemkaa moyoni. Aliyekuwa mweusi alitakiwa akiri mpaka awe kijivu, na wa kijivu mpaka awe mweupe. Walikuwa na uhakika wanaweza kuusoma moyo wa mtu kwa fimbo na faili.

Nyumbani nako, kuanzia katikati ya mwaka huo hadi mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Agikuyu walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika juu ya vilima, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Kulikuwa na mtaro, waya wa miba, na ngati mlangoni. Ukitoka ulijulikana, ukirudi ulijulikana. Miji mingi midogo unayoipita leo ukielekea Murang'a au Nyeri ina mizizi yake katika vijiji hivyo, na tunauza viazi na nyanya bila kukumbuka.

Lakini nirudi kwa gakunia, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Mtazame. Mtu huyu anakujua. Ni lazima akujue, la sivyo hana kazi. Pengine mlichunga pamoja. Pengine mlitahiriwa mwaka mmoja, ukampa mwanzo wa mbegu ya mahindi, ukacheza kwenye harusi ya dada yake. Anajua mwendo wako na kovu la mguu wako. Naye yuko hatua tatu mbele yako, na wewe hujui ni nani. Unaona macho tu. Kujulikana na mtu aliyejificha uso ni mateso ya pekee. Ndugu, kuna Wakristo wengi wanaomwamini Mungu wa namna hiyo. Ukiwaambia "Mungu anakujua," wanaganda. Wanamwona amesimama ndani ya gunia mbele ya foleni, anajua kila kosa, hasemi kitu, na siku moja atatikisa kichwa.

Nimesikia waumini wakiomba kama watu wanaojibu maswali ya karani. Hawaombi, wanajitetea.

Sasa linganisha na kile kichaka katika Kutoka 3. Mungu anamwita Musa mara mbili kwa jina. Anajua kwamba amemuua Mmisri, anajua kwamba ni mtoro, faili lote liko wazi. Lakini Musa anapouliza, na wewe jina lako ni nani, Mungu hamkemei kwa kuuliza. Anamwambia. Hilo ndilo lililonishika, mpendwa. Mungu wa Biblia hamjui mtu kisha yeye mwenyewe akajificha. Anakutaja jina na kukutajia lake. Kwa Kiebrania neno la kujua ni yada, na ndilo linalotumika katika Mwanzo 4:1 kwa Adamu na mkewe. Si kujua kwa karani. Ni kujua ambako wote wawili wanajulikana. Ndiyo maana Paulo katika Wagalatia 4:9, akiwa ameshaanza kusema kwamba sasa mnamjua Mungu, anajisahihisha katikati ya sentensi na kuandika kwamba, au tuseme, mmejulikana na Mungu. Aliona kwamba ameanza na upande usiofaa.

Kisha njoo Gethsemane. Ni usiku, kuna askari, kuna mienge, na kuna watu wasio na uhakika yupi ndiye. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha, mtu anayemjua. Na anayemjua ni rafiki aliyekula naye saa chache zilizopita. Ishara yao ilikuwa busu badala ya kutikisa kichwa. Bwana wetu alipita katika foleni hiyo, wapendwa. Alionyeshwa kidole na mtu wa kwao. Kama babu yako alipanda lori la Manyani kwa sababu ya kichwa kilichotikiswa, Yesu anajua moyo wako ulirithi nini, wala hajui kwa kusimuliwa.

Na soma Luka 22:48. Yesu anamtaja Yuda kwa jina. Katika Mathayo 26:50 anamwita rafiki. Hapo ndipo mimi husimama nikashindwa kuhubiri haraka. Kwa sababu maana yake ni kwamba aliye ndani ya gunia naye anajulikana jina.

Hebu tuseme ukweli. Katika vilima hivi, hata benchi moja la kanisa linaweza kuketisha mjukuu wa aliyeingia msituni, mjukuu wa ngati, na mjukuu wa aliyevaa gunia. Wengine wanajua, wengine wanakisia, wengine walikatazwa kuuliza. Kuna mashamba ambayo mpaka wake ukitajwa mezani watu wanabadilisha mazungumzo. Kuna posa zilizokataliwa na sababu iliyotolewa haikuwa sababu. Miaka 70 imepita na bado kuna gunia ambalo halijavuliwa. Sikusemi ili uanze kumtafuta mtu. Nasema kwa sababu wapo watu wanaoketi kanisani wakiamini kwamba Mungu anaweza kuwapenda mradi tu asijue walikotoka. Anajua. Zaburi 139 inasema amekujua ukiketi na ukiondoka, na hakuna giza analohitaji taa kupenya. Na akijua yote hayo, bado ndiye aliyekuita.

Walikuwapo watu wa vilima hivi walioelewa jambo hilo mapema kutuliko. Wenyeji waliwaita ahonoki, waliookoka. Ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ulifika kwetu kupitia Uganda, na ilipofika miaka ya 1940 ulikuwa umeshika Kabete, Kahuhia na Weithaga. Ndugu hao walikuwa na desturi waliyoita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina, deni lake, wizi wake, chuki yake, kisha wakaimba Tukutendereza kwa Kiganda, hata kama wengi wao hawakukijua Kiganda kingine zaidi ya hicho. Wengine waliona ni aibu. Wamisionari wengine walisumbuka. Lakini hali ya hatari ilipokuja, watu hao walikuwa na kitu cha ajabu, walikuwa hawana siri ya kutishiwa nayo. Wengi wao walikataa kiapo wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine. Na serikali ilipotaka kuwapa bunduki, wengi wakazikataa pia. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Wako waliopigwa, wako waliouawa. Mmoja wa viongozi wao, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, vita vikiendelea, yeye na Festo Olang', maaskofu wa kwanza Waafrika wa Anglikana nchini Kenya. Mimi ni Mpentekoste, lakini nawaambia wazi kwamba tumenywa kisima ambacho hatukuchimba sisi.

Niongeze neno dogo hapa, na mtanisamehe. Siku hizi mtu akisimama jukwaani akakutajia namba yako ya simu au namba ya kitambulisho, kanisa zima linaruka. Namba ya simu, mpendwa, hata kampuni ya simu inaijua! Namba yako ya majani chai inajulikana kituoni kila asubuhi unapopima kilo zako, na hakuna anayeanguka chini kwa Roho. Mwaka 2019 Huduma Namba ilipokuja simu yangu ilijaa maswali ya 666. Nikashangaa, namba ya serikali inatutia hofu, lakini nabii akitaja namba hiyo hiyo tunatoa sadaka. Mungu anaweza kumfunulia mtumishi wake chochote, sibishi. Ila Mathayo 7:22 na 23 inazungumza na watu kama sisi kabisa, watu wa unabii, wa kutoa pepo, wa miujiza. Nao wanaambiwa kwamba hawakujulikana kamwe. Majina yao yalijulikana kwa umati, kwenye mabango. Yule aliyewasemesha hakuwahi kuvuliwa gunia lao.

Kuna kitu kingine kuhusu faili. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri mahakamani kwamba ilikuwa imeficha karatasi nyingi za makoloni yake mahali panapoitwa Hanslope Park, za Kenya zikiwamo. Karatasi hizo ziliwasaidia wazee wetu katika kesi yao. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni London na kukubali kuwalipa watu 5,228. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wewe unajua, na mimi najua, kwamba nyanya aliyechimba mtaro akiwa na mtoto mgongoni na kufa mwaka 1987 hayumo katika hao 5,228. Hakuna wakili aliyemuuliza. Isaya 49:16 inasema kuna mahali pengine palipochorwa, viganjani mwa Mungu, na kilichochorwa kiganjani hakihitaji mtu akifukue kwenye ghala.

Sasa Jumapili hii, katika ibada ya pili, sitahubiri muda wangu wote. Nitatoa nafasi kwa wazee wetu, kina cucu na kina guka, waliokuwa watoto katika vile vijiji au waliosimuliwa na wazazi wao. Kila mmoja atataja jina lake na la baba yake na mama yake. Kama kuna jina katika jamii yenu lililopelekwa Manyani au msituni na halikurudi, mtalitaja. Kama kuna jina ambalo nyumba yenu imeogopa kulitaja kwa sababu ya upande aliokuwa, nalo litajeni, na asiulizwe mtu lolote. Tutaomba kwa kila jina. Hatutapiga video sehemu hiyo.

Vijana wa sifa, njooni na daftari na kalamu, mtaandika. Na kama una nyanya asiyeweza kupanda kutoka barabarani mpaka kanisani, niandikie kwenye inbox kabla ya Ijumaa jioni, tutatuma gari.